Mzazi asiyejua Kiingereza atajuaje programu inayomfaa mwanawe?

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati hapo kuna miezi mitatu na ushee ambayo mtoto yuko nyumbani, na kwa familia nyingi ndiyo miezi ambayo simu ya mzazi hugeuka darasa la Kiingereza.

Kwa mtoto aliyesoma shule ya msingi ya Serikali, miezi hiyo ina uzito wake. Kwa miaka saba amefundishwa kwa Kiswahili, na Kiingereza kimekuwa somo moja tu kwenye ratiba. Januari mambo yanageuka. Baiolojia kwa Kiingereza, Jiografia kwa Kiingereza, Fizikia na Kemia vilevile. Mtoto asiyeelewa sentensi iliyoandikwa ubaoni hapotezi alama za somo la Kiingereza peke yake, anapoteza karibu masomo yote.

Mama mmoja fundi cherehani wa Morogoro aliujua ukweli huo kwa gharama. Kijana wake wa kwanza aliingia sekondari akiwa hajui Kiingereza, akakaa kimya darasani miaka miwili, na upimaji wa kidato cha pili ukamshinda. Leo anaendesha bodaboda ya mtu. Ilipofika zamu ya binti yake, mama huyo aliapa kwamba safari hii hatakaa akiangalia tu. Mteja wake mmoja akamwelekeza programu ya simu ya kujifunza Kiingereza. Akaipakua, na kila wiki akawa anatenga fedha ya bando kabla hata ya kununua nyuzi.

Binti aliipenda. Kila jioni simu ililia kengele ya ushindi na nyota zikamwagika kwenye kioo. "Mama, leo siku ya 64, sijaruka hata moja!" Mama akawa anawasimulia wateja.

Kisha Desemba akaja shemeji yake, mwalimu wa sekondari, kula sikukuu. Aliposikia habari za zile siku 64 alifurahi, akamwomba binti jambo moja dogo: aandike kwenye daftari sentensi tano kuhusu mambo aliyofanya jana.

Binti alikaa na kalamu muda mrefu. Mwishowe aliandika hivi: "Yesterday I am go to market with my mother. He buy tomatoes. I see dog. We come home. I am happy."

Mama hakuweza kuzisoma sentensi hizo, lakini aliusoma uso wa mwanawe. "Shemeji, ina maana fedha yangu yote imekwenda bure?"

"Haijaenda bure. Maneno anayajua, ona, ameandika nyanya, soko, mbwa. Kilichomshinda ni kuyaunganisha."

"Sasa mimi nitajuaje ipi nzuri na ipi mbaya? Kiingereza chenyewe niliishia darasa la saba."

Mwalimu akatazama vitambaa vilivyorundikwa juu ya meza ya kukatia. "Mteja akikuletea kitenge, unajuaje kama kitachuja rangi?"

"Nalowesha kipande."

"Ulisomea kiwanda cha nguo?"

Mama akacheka. "Hata getini sijawahi kufika."

"Basi na hizi programu tuziloweshe, shemeji."

Makosa yanayotoka nyumbani

Kabla ya kuchagua chochote, mzazi anafaa kujua mtoto wake anakosea wapi. Na hapa mzazi anayejua Kiswahili vizuri ana faida ambayo wengi hawaioni, kwa sababu makosa mengi ya Kiingereza ya watoto wetu yanatoka kwenye Kiswahili chenyewe.

Tuchukue sentensi ya pili ya yule binti. Alitaka kusema mama alinunua nyanya. Kwa Kiswahili, "alinunua" ni ya mama, ni ya baba, ni ya kaka; ile "a" ya mwanzo haiulizi mwanamume au mwanamke. Kiingereza kinauliza kila mara: "he" kwa mwanamume, "she" kwa mwanamke. Mtoto ambaye lugha yake haijawahi kumwuliza swali hilo atamwita mama yake "he" bila kujua amekosea.

Sentensi ya tatu ina kosa jingine. Kwa Kiswahili tunasema "nimeona mbwa", basi. Kiingereza kinataka kijineno mbele: "a dog" mbwa anapotajwa mara ya kwanza, "the dog" akishajulikana ni yupi. Kiswahili hakina vijineno hivyo, kwa hiyo mtoto anaviruka.

La tatu ni wakati uliopita. Kiswahili kina "li", na "li" haimwonei mtu: nilikwenda, nilinunua, niliona, nilikuja. Ukiijua moja umezijua zote. Kiingereza huongeza "-ed" kwenye vitenzi vingi, lakini vile vinavyotumika kila siku ndivyo vinavyokwenda njia yao: "go" inakuwa "went", "buy" inakuwa "bought", "see" inakuwa "saw", "come" inakuwa "came". Hivi havina njia ya mkato. Vinakaririwa, kisha vinatumika mpaka mkono uzoee.

Lipo pia lile la "I am go". Mtoto amefundishwa mapema "I am a pupil", mimi ni mwanafunzi, akadhani kila "I" lazima ifuatwe na "am". Na lipo la kujibu maswali. Mtu akiuliza "Hujala?", Mswahili aliye na njaa hujibu "Ndiyo, sijala." Mwingereza hujibu "No, I haven't." Mtoto akijibu "Yes" anaeleweka kuwa ameshiba.

Programu nyingi za mtandaoni zimetengenezwa kwa ajili ya mtoto wa Brazil, wa Uturuki na wa Tanzania kwa pamoja. Hazijui kwamba Kiswahili hakina "he" na "she". Kwa hiyo mzazi asitegemee programu imtafutie mwanawe kosa lake. Kosa litafutwe kwenye daftari kwanza, ndipo itafutwe nyenzo ya kulitibu.

Namna ya kuilowesha programu

Majaribio yafuatayo hayahitaji mzazi ajue Kiingereza. Yanahitaji akae na mtoto kwa robo saa tu, simu ikiwa katikati yao.

La kwanza, mtoto akosee kwa makusudi. Mzazi amwambie achague jibu analojua si sahihi, kisha watazame programu inasema nini. Nyingine huonyesha alama nyekundu na jibu sahihi, halafu husonga mbele. Nyingine hueleza kwa nini lile si jibu. Hii ya pili ndiyo inayofundisha. Mzazi amwulize mtoto, "Imekwambia nini? Nieleze kwa Kiswahili." Mtoto akiweza kueleza, programu imefanya kazi. Akisema "imesema tu nimekosa", basi hapo hakuna mwalimu, kuna msahihishaji.

La pili, wahesabu maswali 10 mfululizo. Mangapi yanamtaka mtoto achague neno kati ya manne, au apange maneno aliyokwisha kupewa? Mangapi yanamtaka aandike mwenyewe kutoka kichwani? Binti wa Morogoro kwa siku 64 hakuwahi kuandika sentensi yake hata moja. Alikuwa anatambua jibu likiwa mbele yake, na kutambua si sawa na kutunga. Ni kama mtu anayeijua sura ya jirani akikutana naye, lakini ukimwambia aichore anashindwa. Kuchagua majibu si kubaya, ila kukiwa ndio mchezo mzima mtoto hatafika mbali.

La tatu, watazame inaanzia wapi. Nyenzo za kuaminika huonyesha ngazi. Nyingi hufuata mizani iliyochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, yenye ngazi sita: A1 na A2 za wanaoanza, B1 na B2 za kati, C1 na C2 za waliobobea. Mtoto aliyemaliza darasa la saba kwa Kiswahili mara nyingi atafaa kuanzia A1 au A2, na hilo si aibu. Mzazi anayemrusha mtoto hadi B1 kwa sababu "ameshamaliza shule ya msingi" anamnunulia viatu vya kaka yake.

La nne, wajaribu kutafuta mada moja peke yake. Mtoto anayekosea wakati uliopita anatakiwa aende moja kwa moja kwenye somo hilo, linaloitwa "past simple". Programu isiyomruhusu kuchagua mada, ikamlazimisha apite hatua 40 za rangi na majina ya wanyama kwanza, itamaliza bando kabla haijafika kwenye tatizo.

La tano ni fedha. Video hula bando kuliko sauti, na sauti hula kuliko maandishi. Kwa sarufi, ukurasa wa maandishi wenye mazoezi unatosha kabisa. Mzazi asome pia maneno ya "jaribu bure siku 7": nyingi kati ya hizo huanza kukata fedha zenyewe siku ya nane kama mtu hajajitoa. Na anayetangaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba mtoto atazungumza Kiingereza kwa siku 21, huyo aachwe na siku zake.

Pa kuanzia

Zipo nyenzo za bure ambazo zimepita majaribio hayo, na mzazi anaweza kuanza nazo leo.

British Council, shirika la Uingereza lililoanzishwa mwaka 1934, lina tovuti ya LearnEnglish. Sehemu yake ya sarufi imegawanywa kwa ngazi, na mtoto anaweza kuchagua mada anayotaka. Masomo yake yana mpangilio unaotabirika: zoezi fupi la kwanza, maelezo, kisha zoezi la pili. Zoezi la kwanza likimshinda, anasoma maelezo na kujaribu tena. Kwa watoto wadogo ipo LearnEnglish Kids, na kwa vijana ipo LearnEnglish Teens.

BBC Learning English imekuwapo tangu mwaka 1943, ikianzia redioni. Kipindi chake cha 6 Minute English ni mazungumzo ya dakika 6 yanayoambatana na maandishi yake, hivyo mtoto anasikiliza huku akifuata kwa macho. Kipindi hicho kinamfaa zaidi aliyekwisha kuvuka ngazi za mwanzo. Anayeanza kitamkatisha tamaa.

Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba yake ya mtandaoni ambako vitabu vya kiada husomwa bure. Kitabu cha Kiingereza cha kidato cha kwanza kinamwonyesha mtoto mapema kile atakachokutana nacho Januari, na hiyo peke yake hupunguza hofu.

Na si lazima kila kitu kiwe mtandaoni. Kitabu cha Raymond Murphy, English Grammar in Use, kilichotolewa na Cambridge mwaka 1985, bado kinatumika duniani kote kwa sababu ya mpango wake rahisi: ukurasa wa kushoto maelezo, wa kulia mazoezi, majibu mwishoni. Anayeanza achukue kile cha ngazi ya chini, Essential Grammar in Use, chenye jalada jekundu. Kitabu hakili bando, na hakileti ujumbe wa kumwita mtoto saa 3 usiku.

Kikwazo kimoja kisifichwe. Nyenzo zote hizo hueleza sarufi ya Kiingereza kwa Kiingereza. Mtoto wa A1 atakwama kwenye maelezo yenyewe. Hapo ndipo panapohitajika kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, kwa mfano ile ya TUKI, au programu ya kutafsiri kwenye simu. Sharti ni moja: itafsiri maelezo, isitafsiri zoezi. Mtoto akiandika sentensi kwa Kiswahili na kuiachia simu iigeuze, simu ndiyo iliyofanya mazoezi.

Sharti hilohilo linahusu programu za kusahihisha maandishi kama Grammarly, na zile za akili bandia kama ChatGPT. Zinaweza kusaidia sana. Mtoto anaweza kuandika sentensi zake, kisha akaomba aelezwe kosa moja moja kwa maneno mepesi, hata kwa Kiswahili. Lakini zikitumika mapema mno zinampa kazi safi isiyo yake. Utaratibu unaofaa ni daftari kwanza, simu baadaye, kisha daftari tena. Wakati mwingine pia hutoa majibu yenye makosa kwa lugha ya kujiamini, kwa hiyo jambo likitia shaka lirudishwe kwenye kitabu. Mzazi ajue vilevile kwamba masharti ya ChatGPT hayamruhusu mtoto aliye chini ya miaka 13, na aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya mzazi.

Jambo dogo la mwisho ni tahajia. Vitabu vyetu vya shule hufuata Kiingereza cha Uingereza: "colour", "centre". Programu za Marekani zitamwandikia "color" na "center". Si makosa, lakini mtoto aambiwe mapema asije akachanganyikiwa mbele ya mwalimu.

Kazi inayobaki kwa mzazi

Mwalimu yule alipoondoka Morogoro aliacha utaratibu mwepesi. Programu ya nyota haikufutwa. Ilibaki kwa dakika 10 za kujifunza maneno mapya. Baada ya hapo mada moja ya sarufi kwa siku 3 mfululizo, si mada tatu kwa siku moja. Kisha daftari: sentensi tano kila jioni kuhusu jana, bila simu.

Mama alipewa kazi mbili. Ya kwanza, kumwuliza binti achague sentensi moja na aeleze kwa Kiswahili kwa nini ameiandika hivyo. Mtoto anayeielewa kanuni anaweza kuisema kwa lugha ya mama yake. Anayebahatisha ataanza kuumauma maneno, na hilo halihitaji Kiingereza kulitambua. Ya pili, kuhesabu neno lililokatwa na kuandikwa upya. Mama alidhani kukata ni uchafu wa daftari. Shemeji akamwambia hapana, pale mtoto anapojikata mwenyewe ndipo amejiona.

Siku za mwanzo hapakuwa na mkato hata mmoja, makosa yalijaa na binti hakuyaona. Wiki ya pili ikaja mikato mingi. Kuna jioni binti alichoka, akatupa kalamu na kusema anataka nyota zake. Mama hakumfokea. Alimwambia tu, "Kaka yako hakuna aliyekaa naye. Mimi nipo, kaa tumalize." Binti akaokota kalamu.

Haikuwa miujiza. Vile vijineno vya "a" na "the" viliendelea kumsumbua, na vitamsumbua mwaka mzima, kwa sababu huwasumbua hata watu wazima waliosoma. Lakini "went" ilikaa, na "bought" ikakaa.

Jioni moja kabla ya kuripoti shule, sare ikiwa imeshapigwa pasi na kutundikwa nyuma ya mlango, mama alichukua daftari na kuweka kidole kwenye sentensi ya pili. Alikumbuka umbo la neno la zamani, lilikuwa fupi kuliko hili.

"Hapa zamani uliandika vingine. Kwa nini sasa umeandika hivi?"

Binti akasogea kutazama. Kidole cha mama kilikuwa juu ya neno "She".

"Kwa sababu ni wewe, mama."